Majibu ya Siku Kumi na Moja

"Imegoma tena," alisema Silasi, fundi wa kompyuta, akajifuta jasho kwa kiganja. Kwenye skrini makosa yalikuwa yamejipanga mstari baada ya mstari.

Kituo hicho cha afya, kando ya njia ya Isikizya, kilikuwa na kompyuta moja tu, yenye mfumo wa Linux. Majibu ya vipimo vikubwa yalitoka hospitali kupitia VPN, njia iliyofungwa ili siri ya mgonjwa isionwe na mtu mwingine. Siku kumi na moja zilizopita kerneli, yaani moyo wa mfumo wenyewe, ilijisasisha. Moduli ya VPN, kile kipande cha programu kinachoiwezesha njia hiyo, ilikuwa imejengwa kwa kerneli ya zamani, basi ikakataliwa, na majibu yote yakakwama huko huko.

Silasi ndiye aliyeijenga mwaka jana. Alipaswa kuiwekea amri ya kujijenga upya kila kerneli inapobadilika, ila siku ile alikuwa anawahi kurudi kwake Mtendeni. Haraka haina baraka, na baraka yenyewe iliyokosekana haikuwa yake.

Ilikuwa ya Apolinaria, mkulima wa tumbaku, aliyeketi kwenye benchi ukutani. Alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi, kikapelekwa hospitali kupimwa. Siku zote hizo alikuja kwa miguu kuuliza, na kila siku akaambiwa mtandao hakuna.

"Kula kwanza, mwanangu," alisema, akimfungulia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyokuwa kwenye pindo la kanga. "Hiyo mashine haikimbii."

"Nikimaliza, mama."

"Unanihangaikia kama vile nimekuzaa."

Silasi aliinama kwenye kibodi. Aliona aibu hata ya kumtazama.

Akapakua faili za kerneli mpya, akafuta mabaki ya jaribio la kwanza, akaandika make, amri ya kuijenga moduli upya. Mashine ilikuwa kuukuu. Majina ya faili yalipita moja moja. Safari hii hakuna lililogoma. Akaipakia moduli, akaandika na ile amri aliyoiruka mwaka jana, kisha akaiita hospitali. Ikaitika.

Apolinaria akafanya ishara ya msalaba. "Mungu akubariki, baba."

Nesi Najiat akakaa kwenye kiti, akafungua majibu. Silasi alikuwa anakunja waya, hakutazama skrini. Alimtazama nesi. Najiat alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

"Mama," aliuliza taratibu, "leo umekuja na nani?"

Hakuna asiyejua swali hilo huulizwa lini. Mwenye majibu mazuri haulizwi amekuja na nani.

Apolinaria alitazama mlango, na njia aliyopitia peke yake. Halafu akamtazama fundi.

"Na huyu," alisema.

Silasi akauweka waya chini. Akaenda kukaa naye kwenye benchi, akachukua kipande kimoja cha michembe aliyoikataa, akakishika tu mkononi.