Vimelea Waliofunga Jumatano

Mimi ndiye ninayewalisha vimelea wa ugonjwa wa kala-azar kwenye maabara yetu hapa Gondar, na nakiri: Jumatano na Ijumaa, siku ambazo kanisa letu linakataza vya mnyama, niliwafungisha. Mimi nile shiro ya unga wa dengu bila siagi, halafu wao wanywe seramu ya damu ya ndama? Sikuvumilia. Siku hizo niliwapa mchuzi wao mtupu, bila seramu, na hakuna aliyejua.

Hata Meselech hakujua. Binti huyo alihangaikia shahada ya uzamivu miaka minne, akichunguza vifuko vidogo mno ambavyo vimelea huvitoa ili kuilaghai kinga ya mgonjwa. Zikiwa zimebaki siku tatu atetee kazi yake, msimamizi wake, Profesa Aklilu, akamuuliza swali moja.

"Mchuzi usio na kimelea hata mmoja, uliwahi kuupima?"

Hakuwahi. Tukaupima siku hiyohiyo, mashine ikahesabu vifuko tele.

"Mama Etagegn," Meselech akaniita, "hivi vimetoka wapi?"

Profesa akajibu yeye. "Kwa ng'ombe, mwanangu! Damu ya ndama ina vifuko vyake. Miaka minne unachunguza ng'ombe. Tukupe shahada ya mifugo?"

Alicheka peke yake. Meselech alikaa chini sakafuni na koti lake jeupe, akalia. Nilimwonea huruma. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, shahada hana.

"Pimeni chupa za Jumatano na Ijumaa," nikasema. "Ziko kwenye friza, kila moja nimeiandika siku yake."

"Zina nini?" Profesa akauliza.

"Hazina ng'ombe. Walikuwa wamefunga."

"Akina nani?"

"Vimelea, Profesa."

Alivua miwani, akanitazama. "Mama, na ubatizo je? Umeshawabatiza?"

"Bado."

Walipima hadi jioni. Vifuko vilikuwemo, vichache, lakini vya vimelea wenyewe. Meselech alinikumbatia nusura anivunje mbavu, na siku ya kutetea akafaulu.

Kesho yake Profesa akaniita ofisini. Nilikwenda na vitu vyangu nimeshavifungasha.

"Rudisha hayo mafurushi," akasema. "Kuanzia leo, kila tukikusanya vifuko, vimelea wote wafunge. Siku yoyote ile."

"Hata Pasaka?"

"Hata Pasaka."

"Hiyo sifanyi, Profesa," nikamwambia. "Ni dhambi."