Urea ya Nyigu

Mimi ni msomi wa kinyesi. Si cha ng'ombe, ambacho kwetu Molo kingenipa heshima shambani, bali cha mabuu wa nyigu. Buu wa nyigu hujizuia utoto wake wote, halafu akikaribia kukomaa anatoa mzigo mzima kwa mkupuo, punje nyeusi chini ya chumba chake. Kazi yangu chuoni ni kuisaga punje hiyo nijue imeundwa na nini. Mama amewaambia watu wa kanisa kwamba nasomea udaktari, nami sijamrekebisha.

Nyigu wenyewe nawaogopa kama kifo. Viota alinitungulia Baba kwenye paa la stoo ya viazi, akaumwa hadi jicho likafunga.

Vitabu vinasema kinyesi hicho kimejaa asidi ya yuriki. Mimi nikapata urea. Urea tele! Nilirudia kipimo, ikaja tena. Nikaanza kuchagua nguo ya kuvaa siku nitakapowahutubia wataalamu wa dunia. Jumapili Baba alisimama kanisani na jicho lake lile, akamshukuru Mungu kwa ugunduzi wa binti yake.

Msimamizi wangu, Daktari Jepkemei, aliyasoma matokeo akavua miwani.

"Wangare, hizi nests zilibebwa na nini kutoka home?"

Nilimpigia Baba palepale.

"Na gunia," akasema. "Ile ya mbolea. Lakini niliikung'uta vizuri sana."

Mbolea ya urea. Nimekulia juu ya magunia hayo, nimeyakalia, nimeyatandika nikaanikia mahindi, na sikuwahi kuuliza. Daktari Jepkemei alicheka hadi akashika meza. Alipomaliza, akaniambia nisipoleta viota safi mwezi huu, mwaka huu sihitimu.

"Kwani nimeharibu?" Baba akauliza kwenye simu.

Nililikumbuka lile jicho. "Hapana, Baba. Wanataka vingine tu, wahakikishe."

Jumamosi alifika mwenyewe hosteli, amevaa koti la kanisani, safari hii mdomo ndio umevimba. Alikuwa amekumbatia mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia.

"Hii nimeiosha na sabuni ya unga mara mbili," akasema kwa shida. "Isikuharibie tena. Wewe ukidanganya sauti huwa nyembamba, tangu ukiwa mtoto."

Nilifungua kifuniko. Viota vilinukia sabuni kuliko shuka zangu. Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka, nikasingizia harufu.

"Ni vizuri, Baba," nikasema, na sauti ikawa nyembamba.

Akatazama mkebe, akanitazama mimi. "Bado kimoja pale juu ya stoo," akasema polepole. "Lakini mdomo huu..."

Nilichukua chupa za maabara nikavaa sweta mbili. Tulirudi Molo pamoja, na jioni ile Baba alinishikia ngazi.