Pikapu ya Mzee Thobias

Jumatano asubuhi Honorata na mdogo wake Esther walishuka kutoka Kalinzi kwenda Kasingirima kuangalia gari. Walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: hawawezi kuendelea kusafirisha mazao yao kwa magari ya kukodi. Mwezi uliopita lori la Fuso walilolikodi lilichelewa siku mbili, na maparachichi ya Esther yalifika Mwandiga yakiwa yanatoa maji. Walichotofautiana ni aina ya gari. Honorata alitaka kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo ambacho kila fundi wa Kigoma anakijua mpaka misumari. Esther alikuwa amesikia kwamba kuna mzee anauza pikapu kubwa ya Kimarekani, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya gari jingine.

"Tunakwenda kuangalia tu," Honorata alisema walipokuwa ndani ya bajaji.

"Kuangalia tu, dada."

"Na ukianza kuchekacheka mbele ya muuzaji, mimi narudi nyumbani."

Esther akafuta tabasamu. Alikuwa na miaka arobaini na watoto wanne, lakini mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, na Honorata ndiye aliyemlea. Honorata ndiye aliyemchagulia viatu vya shule, shamba la kupanda kahawa, hata siku ya harusi. Ilikuwa mazoea, na hakuna aliyewahi kuyahoji.

Walilikuta gari limejaza ua mzima. Lilikuwa jeupe, refu, na bodi yake ilitosha kulala watu wanne wakajigeuza. Recho, mke wa muuzaji, alikuwa ameanika udaga, mihogo iliyovundikwa, ndani ya bodi hiyo, na kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kutoka kwenye kioo cha pembeni hadi kwenye dirisha la jikoni.

"Karibuni," alisema. "Piteni kwa ubavu, kama sisi tunavyopita."

Mzee Thobias alitoka ndani akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa dereva wa shirika moja lililohudumia kambi za wakimbizi, na miaka kumi na minne aliendesha gari hilohilo. Shirika lilipofunga ofisi zake akalinunua.

"Shikamoo, mzee," walimwamkia pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mnataka kubeba nini?"

"Ndizi," Honorata alijibu. "Na maparachichi. Msimu wa maharage, maharage."

"Hamtabeba mawe?"

"Hatuna mawe, mzee."

"Wala mchanga?"

Recho alicheka huku akigeuza udaga wake. "Mjibuni vizuri. Ameshawakataa watatu. Mmoja alitaka kubeba mchanga, mwingine alifunga mlango kwa mguu, wa tatu hakuwa na kosa lolote. Alisema tu kwamba ana haraka."

"Mtu mwenye haraka hawezi kulitunza," Mzee Thobias alisema, na alisema hivyo bila utani.

Honorata hakutegemea macho yake peke yake. Alikuwa amemwomba Barutwanayo awakute pale. Huyu alikuwa fundi mwenye asili ya Burundi, mwenye gereji pale Mwanga, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hasemi gari ni zima kama si zima. Alifika na mfuko wake wa spana, akawaamkia kwa Kirundi, "Mwaramutse", akaingia uvunguni. Kwa karibu nusu saa walichokiona ni miguu yake tu. Kisha akatoka, akafungua boneti, akawasha injini, akasikiliza huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hodi.

"Injini nzima," alisema hatimaye. "Chasi nzima. Mzee amelitunza kuliko watu wengine wanavyotunza wake zao."

"Hilo ni kweli," Recho alisema.

"Lakini nisiwafiche, mama. Linakunywa petroli hasa. Vipuri vingine hapa havipo, mtaagiza Dar au Bujumbura, na mtasubiri. Halafu kuna usukani."

"Usukani una nini?" Honorata aliuliza. Akachungulia dirishani, ndipo akaona. "Mbona dereva anakaa upande wa abiria?"

"Usukani wa kushoto," Mzee Thobias alisema. "Ndivyo lilivyozaliwa."

Kwa Honorata mambo yalikuwa yamekwisha. Alishika mkoba wake, akaanza kumshukuru mzee kwa muda wake. Esther akamshika mkono.

"Dada, naomba kitu kimoja. Tupande nalo Kalinzi leo, tupakie mzigo wetu, tushuke nao Mwandiga. Likitushinda, tunanunua kirikuu na sitasema neno."

Honorata alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama Barutwanayo, ambaye aliinua mabega.

"Kama mzee atakubali," Honorata alisema.

Mzee alikubali kwa sharti kwamba aendeshe mwenyewe, na Barutwanayo akarudi gerejini kwake. Recho alikusanya udaga haraka kabla mumewe hajabadili mawazo, akafungua kamba ya nguo, akabadili khanga, naye akapanda. Alisema miaka miwili gari limekaa mlangoni kwake na hajafika nalo hata sokoni.

Honorata aliwekwa mbele, upande wa kulia. Mpaka Mwandiga safari ilikuwa tulivu. Barabara ilipoanza kupanda milima ya kwenda Manyovu, walikuta lori la matofali likijikokota mbele yao.

"Mama, niambie kama kuko wazi," Mzee Thobias alisema.

"Nikwambie mimi? Mimi sijui kuendesha."

"Kuendesha naendesha mimi. Ila nikiwa nyuma ya lori, mimi sioni mbele, wewe ndiye unayeona. Ukisema pita, napita. Ukisema subiri, nasubiri."

Honorata akatoa kichwa dirishani. Barabara ilikuwa tupu. "Subiri," alisema. Kona ikaja, ikapita. "Subiri." Walifuata lile lori kijiji kizima na nusu ya kingine. Watoto waliokuwa wanatembea kwa miguu walikuwa karibu kuwapita. Kwenye kiti cha nyuma, Esther alikuwa ameuma mdomo na Recho alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa pembe ya khanga. Mzee Thobias hakulalamika hata mara moja, wala hakuchungulia. Alisubiri.

"Pita," Honorata alisema ghafla. "Pita sasa, kweupe."

Gari likanguruma, likalipita lori kama limesimama. Honorata alirudi kitini akiwa anahema. Lori la pili hakusubiri kuulizwa. Alitoa kichwa mwenyewe, akainua mkono, akaamuru. Walipofika juu alikuwa anawasimulia wote jinsi ya kuangalia kona.

Waliacha lami na kuingia njia ya udongo inayokwenda shambani. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mteremko wa kwanza walikuta kirikuu cha jirani yao Martini kimezama hadi kwenye ekseli, kimejaa kabichi. Martini alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi. Mzee Thobias alishuka, akatoa mnyororo chini ya kiti, akaufunga mwenyewe. Gari halikuhangaika. Lilirudi nyuma taratibu na kirikuu kikafuata kikidondosha kabichi. Honorata alilitazama jambo hilo hadi mwisho. Esther alimtazama Honorata.

Lakini mbele kidogo gari lenyewe likakwama, si kwenye tope, bali kwenye upana. Njia ya kuingia shambani ilikuwa kati ya mistari miwili ya mibuni, na pikapu haikuenea. Kirikuu kingefika hadi shambani. Ilibidi wabebe mikungu kichwani, hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Recho alibeba pia, akisema haya ndiyo matembezi aliyoahidiwa. Walipomaliza kupakia ndizi zao zote na makreti ya maparachichi, bodi haikuwa imejaa hata nusu.

Majirani waliokuja kushangaa wakaona nafasi. Mmoja alileta magunia mawili ya viazi, mwingine mikungu yake tisa, mama mmoja akaleta kuku. Bodi ikajaa, na kila mmoja alitoa nauli ya mzigo wake. Saa saba mchana walikuwa Mwandiga, na parachichi hata moja halikuwa limepondeka. Wanunuzi walilizunguka gari kwa sababu ya ukubwa wake, na walipokuja kutazama gari walinunua ndizi.

Baadaye walipita kituo cha mafuta. Honorata alisimama karibu na pampu akitazama namba zinavyokimbia, na kabla hazijasimama alikuwa amegeukia upande mwingine.

Waliporudi Kasingirima, aliongea akiwa bado kitini.

"Mzee, umetutendea wema mkubwa. Gari ni zuri. Lakini hatulinunui. Sisi wawili hatuwezi kulishibisha, na hatuwezi kulijaza."

Mzee Thobias aliinamisha kichwa kwa heshima. Ilikuwa vigumu kujua kama amehuzunika. Aliyehuzunika waziwazi ni Esther.

"Dada," alisema. "Tangu nina miaka tisa wewe ndiye unayechagua. Hujanichagulia vibaya, sisemi hivyo. Lakini gari hili ni la fedha yangu na yako. Leo naomba tuchague wote wawili."

Honorata aligeuka akamtazama. Hata mbele ya watu angeweza kumkemea, na Esther alikuwa anangojea kukemewa.

"Basi sema," Honorata alisema. "Nakusikiliza."

"Sisi wawili hatulijazi, ni kweli. Lakini leo limejaa. Nauli za majirani zimefika karibu na bei ya mafuta. Wangejua mapema, wangekuja wengi zaidi."

"Na likiharibika, tukisubiri kipuri cha Bujumbura?"

Aliyejibu ni Recho, kutoka nyuma, akiwa bado na majani ya mgomba kwenye nywele.

"Msilinunue leo. Thobias atakuwa anakuja Kalinzi kila Jumanne na Ijumaa. Mtakusanya mizigo ya majirani, mtajaza mafuta, mtampa na chake. Likiharibika, ni lake. Mkiliona linawafaa, mtalinunua mkiwa mnalijua. Na siku hizo mbili mimi nitapita kwenye ua wangu kama binadamu."

Mzee Thobias alikuwa ameshika usukani ingawa injini ilikuwa imezimwa. "Mimi mwenyewe," alisema polepole, "sikuwa na moyo wa kuliuza."

"Nilijua tangu ulipomkataa yule wa haraka," mkewe alisema.

Honorata alimtazama Esther. "Unasemaje?"

Lilikuwa swali dogo, na Esther alilijibu haraka kabla dada yake hajalirudisha. "Mimi nakubali."

Walianza Januari. Mara moja tu walikaa wiki mbili wakisubiri pampu ya maji kutoka Dar, na wiki hizo Martini alijaza kirikuu chake kwa raha. Majirani wenye mibuni waling'oa mistari miwili kupanua njia, baada ya mabishano ya kutosha. Esther alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, Mzee Thobias akiwa pembeni yake, na mwezi wa sita akapata leseni. Mwezi wa nane goti la mzee lilianza kumsumbua kwenye breki. Alimpigia Honorata simu yeye mwenyewe, akasema sasa wanaweza kulinunua, waje kuandikishana.

Walikwenda wote wawili na kutia sahihi kwenye meza ya jikoni, Barutwanayo akiwa shahidi. Mzee Thobias alitoka nje kumwonyesha Esther namna ya kupima upepo wa tairi za nyuma, jambo ambalo alikuwa amemwonyesha mara nyingi, na Esther alisikiliza kama hajawahi kulisikia. Honorata alimkuta Recho akipima ua wake kwa hatua. Alikuwa anataka kupanda mchicha upande wa ukuta na kuweka kichanja cha udaga upande wa jua.

"Hutalikumbuka?" Honorata aliuliza.

"Nitakachokumbuka ni mzee wangu kuondoka kila Jumanne," Recho alisema, kisha akawaita wote ndani kula. Alikuwa amekaanga migebuka, samaki wa ziwani, na ugali ulikuwa unapoa.