Kiwiko cha Fusi

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo, katika shule ya kisiwa kimoja cha Tonga, Mwalimu Kalolaine aliinua chaki kuandika tarehe ubaoni, na Fusi, aliyekaa dawati la mbele, akainua kiwiko. Alikipandisha cha kulia juu ya kichwa, kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi, akafunika sikio kwa kiganja cha kushoto na kufumba macho. Chaki ilipogusa ubao alirudisha kila kiungo mahali pake, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri.

Kalolaine aliendelea na somo. Alikuwa shangazi yake Fusi, na shuleni alijitahidi asionekane kumpendelea. Mtoto alikuwa amehamia kwa baba yake, Soakai, mzee wa kanisa, baada ya mama kwenda Australia kuchuma zabibu. Ni ugeni tu, mwalimu alijisemea. Nyumba mpya.

Jumatano jirani wa Fusi dawatini, Pesi, naye akawa na kiwiko. Ijumaa kilikuwa cha darasa zima. Mwalimu akinyoosha mkono kufungua dirisha, viwiko vyote vilipanda pamoja na kushuka pamoja, na upepo wake ukapeperusha karatasi mezani. Kwa kweli ilipendeza. Watoto ndivyo walivyo: mmoja akija na kamasi, wiki haiishi wote wana kamasi.

Baada ya watoto walifuata kuku wa shule, maana ndio wanaoshinda nao wakingoja makombo. Waliinua bawa moja na kuingiza kichwa chini ya jingine. Jogoo alikaza shingo siku mbili kwa ajili ya heshima yake, halafu akajifunza kwa mitetea. Ikaja mishelisheli ya njia ya kanisani, ambayo ilifunika mashina yake kwa majani kila Soakai alipopita. Akipita mtu mwingine, haikujisumbua.

Bahari ndiyo iliyochelewa, kwa sababu ya ukubwa. Asubuhi moja Soakai aliteremka ufukweni kunawa miguu. Maji yakarudi nyuma mpaka mwambani, wimbi likasimama refu kuliko kanisa, likajikunja na kujifunika kichwa kwa maji yake lenyewe. Likakaa hivyo, kijani, samaki wanaonekana ndani wakiwa wametulia, pezi moja moja juu. Wanawake waliokuwa wakiokota kombe waliacha kuzungumza. Matone yalisikika yakidondoka kwenye mawe. Soakai alifunga viatu, akaondoka, na wimbi likashuka taratibu kama mtu mzima anayekaa chini.

"Mzee uje na kesho," bibi Vaimoana alimwitia, kapu limemjaa. "Tangu nizaliwe sijaokota kombe wanono hivi."

"Huyu si wa kuchezea," akasema mwenzake. "Kanisa limempa cheo, na bahari imempa cheo."

"Mume wangu hata paka hamwinukii."

Wakacheka, wakaokota haraka kabla maji hayajarudi.

Mwalimu mkuu aliwarekodi watoto kwa simu, akatia na gitaa, akairusha mtandaoni. Kiwiko kikavuka maji. Watoto wa Nuku'alofa wakakicheza, na wa Auckland, na mchezaji mmoja wa raga mwenye shingo kama gogo akakifanya mbele ya uwanja uliojaa alipofunga. Mama yake Fusi alikiona huko kwenye mizabibu, akaandika kwamba amefurahi sana, mwanawe ameshajua kucheza.

Tangu hapo watoto hawakujifunza tena kwa Fusi. Walijifunza kwenye simu.

"Wewe unakosea," Pesi alimwambia wakati wa mapumziko. "Unafumba macho. Kwenye simu hawafumbi, wanatabasamu."

"Mimi nafumba."

"Basi utatuharibia Jumapili ya Watoto kanisani. Tutakuweka nyuma."

Fusi akajaribu kutabasamu. Kalolaine, aliyekuwa dirishani, aliona namna midomo ilivyokubali na macho yakagoma, na hapo chai ikamwia chungu. Kidole gumba ndani ya ngumi. Alikijua kidole kile. Hakukumbuka tu alikijulia wapi.

Jumapili ya Watoto iliingia, Mei, na watoto wote wamevaa meupe tupu kuanzia soksi hadi utepe. Walisema mistari yao ya Biblia, wakaimba, na mwisho Soakai akasimama mbele kuwabariki. Aliinua mkono wa kulia.

Watoto wakainua viwiko. Wazazi wakainua viwiko. Mabenchi yakanyanyua ncha moja, taa zikajifunika kwa minyororo yake, kengele ikageukia ukutani, na nje, mmoja baada ya mwingine, minazi ikainamisha vichwa mpaka mwisho wa kisiwa. Mwanga uliingia kanisani kutoka pande ambazo haukuwahi kuingia. Mchungaji alitokwa na machozi. Akasema kwamba katika miaka yote ya utumishi hajaona unyenyekevu wa namna hiyo, na watu wakaitikia amina chini ya mikono yao.

Nyuma kabisa, Fusi peke yake alikuwa amefumba macho.

Kwa Watonga, shangazi akisema mtoto ni wake, baba hana mdomo. Hahitaji hata kutoa sababu. Alasiri ile Kalolaine alifunga mkeka wake mzuri kiunoni, vazi la heshima, akaenda kwa kaka yake kumchukua Fusi. Neno alikuwa nalo tayari: huyu atalala kwangu. Njiani alilirudia mara kadhaa, na mishelisheli, kwa kuwa hakuwa Soakai, ilimtazama tu.

Hakuingia ndani, maana dada na kaka hawakai chumba kimoja. Alisimama barazani. Soakai alitoka akaketi ngazi ya chini, kama inavyompasa mbele ya dada.

"Umefika, dada."

"Nimefika."

"Majani ya majimbi yamo kwenye tanuri. Wakuletee?"

"Sikufuata chakula," alisema Kalolaine. Fusi alikuwa dirishani, kidevu juu ya mbao. Kalolaine akainua mkono kumwonyesha. "Huyu mtoto..."

Soakai akainua kiwiko. Cha kulia, gumba ndani ya ngumi, kiganja cha kushoto sikioni, macho yamefumbwa, mvi zake zote zimejikusanya chini ya mkono. Na Kalolaine, alipokiona, chake kikapanda chenyewe, kwa sababu walikuwa wakikiinua pamoja zamani, nyuma ya jiko la baba yao, nani kwanza na nani baadaye kutegemea fimbo imeanzia wapi.

Walikaa hivyo, mwalimu na mzee wa kanisa. Ng'ambo ya barabara bahari ilirudi mpaka mwambani ikasimama. Fusi aliwatazama wote wawili kwa makini, kama anavyotazama ubao.

Soakai ndiye aliyeshusha mkono kwanza. Akapangusa goti ambalo halikuwa na vumbi.

"Ulikuwa unasema kuhusu mtoto," alisema.

"Nilikuwa nasema," Kalolaine alijibu, na akasikia neno lake likikimbia kama maji yale. "Nilikuwa nasema ana mwandiko mzuri."

"Umetoka kwako huo."

Alimfungia majani ya majimbi ya kwenda nayo, yenye nyama nyingi na tui zito, kama anavyostahili dada.

Jioni Kalolaine alikula na jirani zake mkekani, na milango ya kijiji yote ilikuwa wazi kwa joto. Sauti ya fimbo ilipotoka nyumbani kwa Soakai, kijiji kizima kiliinua viwiko, matonge yakiwa bado mikononi. Kuku waliinua mabawa, minazi ikainama, bahari ikasimama na nyota ndani yake.

Kijiji kikangoja mpaka sauti ikanyamaza. Kisha kikashusha mikono, na chakula kilikuwa bado cha moto.