Kiduara cha Spiriti

Kazi yangu maabarani ni kuosha vyombo na kukausha vikaratasi. Ni vya duara, vidogo kama kifungo cha shati. Vinachovywa kwenye dawa ya majani iliyokamuliwa kwa spiriti, vinaachwa vikauke kabisa, ndipo vinawekwa kwenye sahani iliyooteshwa vijidudu. Dawa ikiwa na nguvu, kesho yake unakuta kiduara kitupu kuzunguka kikaratasi. Vijidudu hapo vimekufa.

Safari hii majani yalikuwa ya mama mdogo, na vijidudu vilitoka kwenye kidonda cha mguu wake, kilichozishinda dawa za hospitali. Haraka niliyokuwa nayo! Niligusa vikaratasi, bado vina ubaridi. Nikaviweka hivyo hivyo.

Kiduara kikatoka kipana. Bosi wetu, tunayemwita Miwani, akatabasamu. "Usitangaze. Tutarudia."

Mdomo wangu ungekaa? Nikakimbilia wodini alikolazwa mama mdogo, nikamweleza.

"Niliwaambia hawa wauguzi!" mama mdogo akacheka. Siku hiyo ndiyo alikuwa aanze sindano mpya. "Sindano yao wajichome wenyewe. Mimi narudi kwa majani yangu."

Nikacheka naye. Niliporudi kazini nikapangusa meza kwa spiriti, vidole vikapata ubaridi ule ule. Ndipo nikakumbuka. Spiriti nayo inaua vijidudu.

Nilimweleza Miwani. Hakufoka, afadhali angefoka. "Rudia. Safari hii kausha."

Ningekwenda wodini palepale. Sikwenda. Nilijidanganya kwamba labda majani nayo yana nguvu, nisubiri nione.

Asubuhi sahani ilikuwa imejaa vijidudu mpaka ukingoni mwa kikaratasi.

Nilimkuta mama mdogo amekaa kitandani, homa imempanda, kanga zake zimeshafungwa kwenye furushi.

"Umekuja kunichukua, mwanangu?"

"Mama mdogo, kile kiduara ni cha spiriti. Sikukausha vizuri. Majani hayakuua kitu."

"Acha utani."

"Si utani."

Aliutazama mguu wake, umevimba kuliko jana.

"Kwa hiyo nimewaringia wauguzi bure?"

"Mimi ndiye niliyekuponza."

Akamwita muuguzi, akanyoosha mkono. "Haya, chomeni. Lakini huyu atoke kwanza."

Nikatoka. Mlango haukufungwa vizuri. Nikasimama pale penye upenyo mpaka nikaiona sindano imeingia.