Tela la Buluu na Sharubu Zangu

Naapa kwa sharubu zangu, zile ambazo mtaa mzima unazijua, kwamba haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje.

Mpwa wangu alipoachishwa kazi kiwandani, alinunua tela kuukuu la kuvutwa na pikapu yake. Kazi ya kwanza akaipata kwa seremala: kupeleka madawati shule ya bondeni. Mteremko wa huko ni mkali mno. Mimi niliwahi kuushuka kwa baiskeli. Nikafika chini, nikala, nikalala kidogo, ndipo kivuli changu kikawasili.

Asubuhi ya safari, breki za tela zikagoma.

"Dada, sina ugomvi nawe," seremala alimwambia mpwa wangu. "Ila bila breki mzigo wangu haushuki. Nakusubiri hadi adhuhuri, kisha namwita mwingine."

Mpwa wangu akaenda kuchukua vifaa vyake. Roho iliniuma.

"Hii ni hujuma!" nikafoka. "Nikimpata aliyeziharibu, namnyoa sharubu hapa hapa, kavu kavu!"

"Mjomba, punguza moto. Kaa mbele ndani ya pikapu, ushike kile kiboksi cha kubonyezea breki za tela. Nikikwambia bonyeza, bonyeza."

Breki zenyewe ni za umeme: ukibonyeza, sumaku iliyo ndani ya kila gurudumu inanasa, gurudumu linakabwa. Fyuzi ilikuwa nzima. Plagi aliisugua ikang'aa. Nyaya hazikuwa zimekatika popote. Nikampa dira yangu.

"Itunze. Ilinitoa msituni, chui watatu nyuma yangu."

"Mjomba, hii ulipewa uliponunua sabuni."

Lakini aliichukua, maana sumaku ikipata umeme, sindano ya dira lazima igeuke. Akaisogeza kwenye gurudumu. Nikabonyeza. Kimya. Gurudumu la pili, vilevile.

"Sumaku mbili hazifi siku moja," akasema. "Umeme unakosa njia ya kurudi." Akaingia uvunguni.

Mimi nikapiga mluzi.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Hii rangi ya buluu, kapaka nani?"

Jamani. Tangu aachishwe kazi hakuwa amecheka, na mimi nikaona tela linalong'aa litamchangamsha. Juzi alipotoka, nikalipaka lote. Tena kwa ufundi wangu wa kujifunza mwenyewe, nilifungua hata boliti inayobana waya wa breki kwenye chuma cha tela, nikapaka chini yake mara mbili, nikaufunga waya juu ya rangi.

"Umeme haupiti kwenye rangi, Mjomba," alisema taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa.

Akaikwangua hadi chuma kikaonekana, akakaza boliti.

"Bonyeza!"

Sindano ikaruka. Akaja kushika usukani, tukasogea kidogo, nikabonyeza tena: tela likang'ang'ania ardhi kama mbuzi anayekataa kamba.

Seremala akaanza kupakia madawati. Mara akasimama, akanitazama usoni.

"Mzee, si kuna mtu alitaja habari za kunyoa?"

"Nilisema nikimpata. Bado nachunguza."

Hapo ndipo mpwa wangu alipocheka. Alicheka hadi akakaa chini, machozi yanamtoka, mkono umeshika gurudumu.

"Keti, Mjomba," akasema alipopata pumzi. "Kavu kavu nimekusamehe. Sabuni ya dira si bado ipo?"

Madawati yalifika bondeni yote mazima. Nilikaa mbele, kioo wazi, upepo ukinipiga mdomo wa juu.