Gia ya Plastiki

Blenda yetu ilinguruma, lakini visu havikuzunguka. Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili mdogo wangu Nancy alikuwa anapata kipaimara. Mama alishatangaza Kitangari nzima kwamba juisi ya maembe itatoka kwetu. Nikaifunga blenda kwenye khanga, nikapanda gari la Masasi.

Fundi niliyeelekezwa, karibu na stendi, alikuwa mwanamke. Walimwita Mama Reginald.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ongea kwa nguvu, blenda haing'ati."

Akachomoa gia ya plastiki inayokaa chini ya jagi. Meno yake yalikuwa yamelika yote. Akayapapasa kama fizi za mtoto.

"Umetoka juu huko, Newala?"

"Kitangari."

"Nilijua! Mnasaga pakavu. Mkipewa blenda mnaona kinu!"

Nikainama. Ni kweli. Maembe yakiiva, matangi yetu ya maji ya mvua tunayokinga kwenye bati yamebaki tope. Kwa hiyo tunasaga embe tupu, maji tunaongeza mwishoni, kidogo kidogo, huku tukionja yasizidi.

"Niwekee ya chuma," nikasema. "Isiharibike tena."

"Ya chuma ninayo. Lakini sikiliza. Visu vikikwama, lazima kitu kishindwe. Hii ni rahisi: inalika yenyewe, mota inapona. Nikikuwekea chuma, itaungua mota, na hapo nitakupa pole tu."

Akafungua kitako, akanionyesha nyaya za shaba za mota, nene, zimepangwa kama ukili uliosukwa vizuri.

"Aliyeiunda alibana matumizi, ndiyo. Ila alijua pa kubana na pa kuachia."

Nilizoea kusikia plastiki ikitukanwa. Siku hiyo niliitazama ile gia iliyochakaa kwa heshima, na yule mama zaidi. Akafunga nyingine kama ile ile.

"Maji ni yale yale, mwanangu. Yatangulize tu."

Jumapili alfajiri mama alinikuta nimeinua kopo juu ya jagi.

"We Severina! Unamwaga maji hujaonja hata embe?"

Mimi si mtu wa kumjibu mama. Lakini kopo sikulishusha.

"Ni yale yale, mama. Yanatangulia tu."

Nikamimina, nikawasha. Visu vikapita ndani ya maembe kwa sauti nyepesi ambayo hatukuwahi kuisikia jikoni kwetu. Mama akasikiliza kidogo. Kisha akasogeza beseni la maembe karibu yangu, akaanza kumenya.